Kwenda Salender Kuangalia Ndege Siyo Kufulia, Nako Ni Kula Bata

Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Machi mitandao ya Bongo ilichafuka kwa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Haikuwa ndoa kuvunjika, haikuwa gari jipya, wala haikuwa team hizi kutukanana na team zile. Alikuwa ni dada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, kavaa mabuti ya mvua na kofia ya ukindu, darubini shingoni, kasimama pembeni ya tope la Salender anaangalia ndege. Basi, hakuna kingine. Hakuna chupa mezani, hakuna boti, hakuna shada la maua la kuziba mlango wa gari. Pembeni yake yupo kaka mmoja mtangazaji wa redio ambaye wapambe wanasema ndo shemeji mpya, naye kashika daftari anaandika majina ya ndege kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Ndani ya saa chache komenti zikafurika. "Dada kafulia jamani, hata nauli ya boti ya Zenji hana." "Shem ubahili umezidi, deti gani ya kunusa mtaro?" "Hao wametumwa na mganga, ndege ni geresha tu." Na ile isiyokosekana: "Mambo ya kizungu hayo." Mpaka jioni inaingia, dada wa watu alikuwa keshapewa kila dhiki na kila ugonjwa uliopo mjini.

Sasa ukweli usemwe. Katika zile komenti zote, waliomcheka walikosea pa kucheka, na kosa alilolifanya kweli siku ile karibu watu wote walilipita. Tena wengi walilipa na like juu yake.

Tuanze na hili la kufulia. Kwa vijana wengi wa mjini siku hizi, kula bata maana yake ni bili. Kama hakuna risiti, bata halijaliwa. Mtu anakwenda kukaa sehemu ya ghali, anaagiza kinywaji kimoja, anakipiga picha kumi na mbili, halafu Jumatatu anapigiwa simu na watu wa kausha damu wanataka chao. Wapo wanaokopa kwenye simu ili waposti wikiendi, na wapo ambao wikiendi inaisha wamechoka kuliko walivyoianza. Hiyo hakuna anayeiita kufulia, inaitwa maisha.

Siku ya yule dada na shemeji iligharimu nini? Nauli, maji ya kunywa, karanga za kukaanga na bando kidogo. Salender kwenye tope la mikoko hakuna getini pa kulipia. Walifika saa mbili asubuhi, wakaondoka saa tano na nusu jua lilipokuwa kali. Kwenye klipu moja fupi ambayo haikupata watazamaji wengi, dada anasikika akisema taratibu: "Tangu Desemba hii ndo asubuhi ya kwanza sijashika simu saa tatu mfululizo." Kila anayefuatilia umbea wa mjini anajua Desemba yake ilikuwaje. Aliachwa hadharani, akachambwa hadharani, mpaka mama yake mzazi akaingizwa kwenye matusi. Halafu mtu huyo anapata asubuhi moja ya kupumua, watu wanamuuliza mbona hujaenda Zenji!

Kuna kitu kwenye kuangalia ndege ambacho watu wa mjini wanakihitaji kuliko wanavyojua. Huwezi kumwangalia ndege huku unakimbia. Lazima usimame, unyamaze na usubiri. Ukipiga kelele anaondoka, ukiinamia simu umempoteza. Ni mchezo ambao pesa haimsaidii mtu kushinda. Bilionea na muuza karanga wakisimama pamoja pale Salender, atakayemwona ndege wa kwanza ni yule mwenye subira.

Halafu hili la "mambo ya kizungu". Hapa ndo watu wamejidanganya kabisa. Mswahili wa pwani alikuwa na majina ya hawa ndege kabla ya darubini yoyote kufika. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu anaitwa sululu. Wale wadogo wanaokimbia kimbia ukingoni mwa maji ni chekeamwezi. Wapo yangeyange, korongo, mnandi, mwari. Huwezi kumpa kiumbe jina kama hujawahi kusimama ukamwangalia. Na mbayuwayu je? Wabongo wanamtaja kila siku kwenye ule utani wa kuchanganya akili zake na zako, lakini wangapi wamewahi kuinua macho wakamwona kwenye nyaya za umeme mwezi wa pili? Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi, anakuja huku kukwepa baridi, halafu anarudi Ulaya na Asia kujenga kiota. Katika safari hiyo hana viza wala begi.

Na ndo maana mwanzo wa Machi siyo siku ya kubahatisha. Huko Ulaya na Asia ndo majira ya kuchipua yanakaribia, barafu inaanza kuachia. Huku Dar joto la kiangazi linafika mwisho, mawingu ya masika yanajikusanya, na ndege wageni waliokaa hapa tangu karibu Septemba wanafungasha. Yaani yule anayeangalia ndege London anasubiri wafike, na anayeangalia Salender anawaaga. Ndege ni walewale, anga ni lilelile.

Mfano ni chekeamwezi mmoja mwenye mdomo uliojikunja kidogo, ambaye kwenye tope la Dar wapo makundi kwa makundi. Ana uzito wa gramu 60 hivi, karibu sawa na yai la kuku. Kwao ni kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Salender. Miezi mingi akiwa hapa ni wa kijivu tu, hana mvuto. Ikifika Machi anaanza kubadilika, kifua na tumbo vinakuwa vyekundu kama udongo wa Kisarawe. Ni nguo za harusi hizo, anakwenda kutafuta mwenza. Wakati huohuo anakula kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna chakula, kwa sababu mafuta anayoyaweka mwilini ndo petroli ya safari. Jamaa zake wa aina nyingine wana rekodi za kutisha. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa jamii hiyohiyo kubwa, aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua hata mara moja.

Yupo pia yule mla-kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama patasi. Huyu naye hukaa pwani za Afrika Mashariki miezi mingi ya mwaka, halafu anakwenda kuzaa upande wa Uarabuni, pwani za Oman na Ghuba. Tena hajengi kiota juu ya mti, anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga humo ndani. Kwa hiyo ile njia ya majahazi ya Dar, Zenji na Maskati ambayo wazee wanaihadithia, ina abiria ambao hawajawahi kuacha kuisafiri.

Kwenye klipu hiyohiyo fupi kuna kipande kitamu kuliko vyote. Bibi mmoja anapita na ndoo yake, ametoka kuokota chaza maji yalipokupwa. Dada anamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmepoteza nini humo topeni?"

"Hatujapoteza bibi, tunaangalia ndege."

"Aa, hao wasafiri? Waangalieni sasa hivi. Masika ikikaza huwaoni hao, mpaka upepo ugeuke tena."

Bibi hana darubini, hana programu kwenye simu, na hakusoma kitabu cha ndege. Amekaa na hawa ndege kwenye tope moja miaka yote, wanatafuta riziki kwenye maji yaleyale. Hayo yaitweje mambo ya kizungu? Kilicho cha kigeni pale ni ile dhana kwamba mwenyeji hana haja ya kutazama kwao.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Katika zile posti zote za Jumamosi, iliyopata like nyingi kupita zote ilikuwa video ya sekunde kumi na tano. Dada anakimbia kuelekea kundi la ndege, mikono kaitanua, kundi zima linaruka kwa pamoja na kugeuka hewani kama shuka linalokung'utwa, na muziki umewekwa juu yake. Video nzuri kweli. Watu wakamwaga makopa, na hata waliomwita kafulia walisema hapo dada katisha.

Hapo ndo alipokosea. Wale ndege hawako pale kwa maonyesho. Chakula chao kipo ndani ya tope, vijikaa, minyoo na viumbe wadogo, na tope hilo linafunuka kwa saa chache tu. Wakati wa bamvua maji ya Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo meza inaandaliwa na kuondolewa mara mbili kwa siku. Ndege anayejaza mafuta ya kufika Siberia kila dakika ina hesabu yake. Ukimrusha unamfanyia mambo mawili kwa mpigo, unamwondoa mezani na unamchomea mafuta aliyokwisha kuweka. Mara moja haimuui. Lakini video ikitrendi, wikiendi ijayo wanakuja hamsini kufanya hivyohivyo, na inayofuata mia mbili.

Kati ya komenti zote zile moja tu ndo ilisema hilo. Aliyeandika ni kijana ambaye ukurasa wake wote ni picha za ndege wa Dar zilizopigwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Aliandika kwa adabu: "Dada hongera kwa kufika. Ila usiwarushe, sasa hivi wanakula ya safari." Hakutukana, wala hakujionyesha mjuaji. Yule dada akamjibu, "Sikujua kaka angu, asante," na video ikafutwa usiku uleule, pamoja na like zake zote. Kwa staa wa mjini kufuta posti inayokwenda vizuri siyo jambo dogo. Wangapi wangefanya? Jibu lile lilipata like kumi na moja. La mganga lilipata mia tisa. Hapo ndo mtu unajiuliza nani hasa kafulia.

Wapo watakaosema hii yote ilikuwa kiki. Sawa, tuchukulie ilikuwa kiki. Bongo imeona kiki za mimba hewa, za ugomvi wa kupanga, za kifo cha uongo. Kama kiki mpya ni kumsalimia bibi wa chaza na kufuta video baada ya kuelimishwa, basi iruhusiwe iendelee.

Hoja ya wanaosema "kunusa mtaro" ina uzito zaidi, na haifai kupuuzwa. Harufu ipo. Mto Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe, unakatiza katikati ya jiji, na kila kitongoji kinaupa zawadi yake ya majitaka, chupa na mifuko, mpaka unafika Salender na kumwaga baharini. Ndege wa Siberia anakula huku amezungukwa na vifuniko vya soda. Na kwa watu wa Jangwani na mabonde jirani, ardhi hii ya majimaji siyo sehemu ya mapozi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Aliyebeba godoro kichwani usiku maji yakiwa kifuani hatakuelewa ukimwambia bonde lina utulivu.

Lakini hoja hiyohiyo ukiigeuza inaonyesha kwa nini watu wanapaswa kupatazama. Bonde, mikoko na tope ndo sehemu ambazo maji hupewa nafasi ya kupunguza hasira. Kila kifusi kinachomwagwa usiku, kila mkoko unaokatwa, kila mtu anayejaza udongo apate kiwanja, maji yanapunguziwa kitanda, na yakikosa pa kulala yanakwenda kulala sebuleni kwa watu. Sehemu isiyotazamwa na mtu ndo inayogeuzwa jalala bila mtu kuuliza. Kama vijana elfu moja wa mjini wangeijua Salender kwa majina ya ndege wake, siku ya kifusi kumwagwa kungekuwa na watu elfu moja wa kupiga picha namba za lori. Simu ni zilezile za umbea, kazi tu inabadilika.

Majirani wameshaonyesha kwamba inawezekana. Kule Kenya, Mida Creek karibu na Watamu, kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko, inakupeleka hadi kibanda cha kuangalizia ndege, wakiwemo hao wala-kaa. Pesa ya kiingilio inasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa eneo hilo. Uganda nako, kinamasi cha Mabamba kilichopo si mbali na Entebbe, wavuvi waliokuwa wakimchukia yule ndege wa mdomo kama kiatu, wakiamini ukimwona huvui kitu, leo ndo wanaowapeleka wageni kwa mtumbwi kumtafuta. Nuksi imegeuka ajira. Dar yenye mikoko katikati ya jiji inasubiri nini? Na Tanzania hii yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege, ambako heroe wadogo wengi kabisa wa dunia wanatotolewa Ziwa Natron, kwa nini kijana wake ajue kunguru tu? Tena kunguru mwenyewe siyo wa hapa, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, akageuka yeye ndo taka, anakula mayai na makinda ya ndege wenyeji.

Kwa atakayetaka kujaribu, mambo ni mepesi. Angalia jedwali la maji, nenda asubuhi wakati maji yanatoka. Siku za bamvua, mwezi mpya au mwezi mpevu, tope linafunuka vizuri kati ya saa tatu na saa tano. Simama kwenye nchi kavu, tope la mikoko linameza mguu mpaka gotini. Nenda watu wawili watatu, simu usiishike kizembe, vibaka nao wana darubini zao. Vaa nguo zilizopoa, nyekundu na njano ziache za mechi ya watani. Darubini kama huna, azima, na ukikosa macho yanatosha kwa kuanzia. Programu ya Merlin ya chuo kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure, unaiwekea picha inakutajia ndege. Mwamkie kila mzee utakayemkuta, atakwambia mengi ambayo simu haiyajui. Na kundi likiwa linakula, liache lile.

Yule dada na shemeji walirudi tena Jumamosi mbili baadaye. Safari hii hakuna video ya kukimbia, ipo picha moja tu ya daftari limefunguliwa, majina kumi na saba kwa mwandiko mbaya wa shemeji. Chini yake dada ameandika: "Wekundu wameongezeka, wanakaribia kuondoka." Umbea haukupata cha kushika, komenti zilikuwa chache, na mmoja kati ya wale waliomwita kafulia aliuliza kwa aibu kidogo hayo mabuti yanauzwa wapi.

Baada ya wiki chache mvua itakuwa imekaza, tope litabaki na yangeyange na kunguru, na wale wasafiri watakuwa juu ya bahari usiku, kila mmoja na mafuta aliyofanikiwa kuyaweka. Watakaorudi watarudi kuanzia Agosti na Septemba. Watakuta nini Salender, hiyo ni juu ya wenye mji.

Wewe mdau wikiendi hii unakwenda wapi, kwenye bili au kwenye tope? Tiririka hapo chini, ila mganga muache apumzike.